Chokaa kwenye Njia ya Tshivanga

Waliponiambia Zihindula amekufa, machozi hayakuja. Kilichonijia kwanza ni hesabu ya kijinga: kwamba sasa Bukavu nzima amebaki mtu mmoja anayejua kona zote za barabara inayopanda kutoka Miti mpaka ndani ya pori la Kahuzi, na mtu huyo ni mimi, mama mwenye magoti yanayolalamika nikipanda ngazi za kanisa. Ujuzi huo sina mahali pa kuupeleka. Barabara yenyewe haipandiki kwa baiskeli, kwa sababu kila baada ya kilima kuna kizuizi, na kwenye kila kizuizi kuna vijana wenye bunduki, na ukiwauliza ni wa nani wanakujibu kwa macho tu. Machozi yalikuja baadaye, nikiwa namenya viazi, na yalipokuja yalikaa siku nzima. Nililia kwa hasira. Mimi ni mtu wa hasira, watoto wangu watakuambia, na umri haujanipunguzia kitu.

Matanga tuliyakaa kwake, mtaani Kadutu, chini ya shitingi, turubai iliyofungwa kati ya ukuta wa nyumba na mti wa parachichi wa jirani. Viti vya plastiki, sufuria kubwa ya maharage, mvua inayokuja kila mchana kama mfanyakazi wa ofisi. Wanaume walikuwa wanaongea habari za mji: benki zilizofungwa, nani amekamatwa, nani amevuka kwenda ng'ambo na hajapiga simu. Zihindula alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Dawa ilikuwa inapatikana mara moja moja, na bei yake ilikuwa inapanda kila ilipopatikana. Vijana waliokuja kulia walimjua kama Papa Zihi, fundi wa baiskeli mwenye mguu mmoja mfupi, aliyekuwa anakaa juu ya kigoda kwenye kona ya soko la Nyawera na kuwatania wapita njia. Hakuna hata mmoja aliyemjua akiwa juu ya baiskeli. Nilitaka kusimama niwaambie, lakini niwaambie nini? Kwamba palikuwa na mwaka mmoja ambao mtu huyu alikuwa mwepesi kuliko wote katika Kivu? Wangenihurumia mimi, siyo yeye. Nikaendelea na sahani yangu.

Ulikuwa ule mwaka ambao walimu waligoma mpaka serikali ikaufuta mwaka mzima wa masomo. Tukasema année blanche, mwaka mweupe, kama watu wanaotaja jina la ugonjwa. Sisi tuliokuwa tumemaliza sekondari na kungoja chuo kikuu tukajikuta tumekaa barazani tukiangalia ziwa. Kahawa ilikuwa imekufa, ofisi zilikuwa hazilipi, na noti ya asubuhi ilikuwa haitoshi kununua mkate jioni. Zihindula alikuwa na baiskeli ya mbio, ya chuma, aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi Ulaya. Mimi nilikuwa na ya kwangu, ya kiume, yenye chuma cha juu kilichonilazimisha kufunga kitenge juu ya suruali kila nilipopita mbele ya parokia. Mama mmoja wa kwaya alimwambia mama yangu kwamba msichana anayepanda kinga, yaani baiskeli, hatazaa. Nimezaa wanne. Ningependa kumwonyesha, lakini naye amekwisha kufa.

Klabu yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji, Nyawera. Kilikuwa hakina dirisha. Mwanga uliingia kwa bati moja lililotobolewa matundu kwa makusudi, na baiskeli zilining'inia darini kwenye nondo zilizopindwa. Nikifumba macho nasikia harufu yake hata leo: gundi ya kuzibia matairi, mafuta ya cheni, na mahindi ya kuchoma kutoka sokoni upande wa pili wa ukuta, ambako wapagazi walikuwa wanatukanana siku nzima bila chuki yoyote. Mwenyekiti wetu alikuwa Papa Bashige, mhasibu wa kampuni ya kahawa isiyonunua tena kahawa. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Alikuja klabu na tai, akaivua, akaitundika kwenye msumari wake, kisha akaanza kutukagua breki. Alituita waheshimiwa. "Waheshimiwa," alituambia siku moja, "kuko mutu wa fédération atatoka Kinshasa. Atakuya kuangalia course yetu. Atachagua mumoja. Mumoja tu, kwa équipe nationale. Kulala, kula, kila kitu, bako banalipa beye."

Mtu wa shirikisho la baiskeli, timu ya taifa, na gharama zote juu yao: hakuna aliyeuliza ni nani atachaguliwa. Sote tulimwangalia Zihindula, naye akawa anaangalia gurudumu lake la nyuma na kulizungusha kwa kidole. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wa siku hizi husikia mbio za baiskeli wakafikiri mchezo. Mlango ulikuwa mmoja. Chuo kimefungwa, kazi hakuna, na huyu mtoto wa watu alikuwa na mapafu ya kumfikisha Kinshasa na kumvusha zaidi ya Kinshasa. Nilimpenda, ndiyo, lakini si kwa namna mnayofikiri. Nilimpenda kama unavyompenda mtu anayefanya vizuri kabisa kitu ambacho wewe unakifanya kwa taabu.

Papa Bashige alichagua njia ya Tshivanga. Kutoka mjini mpaka Miti tuliendesha kila siku. Kila mtu aliijua. Pale Miti unaiacha barabara ya uwanja wa ndege, unakata kushoto, na lami inakuacha. Kwanza ni mashamba ya chai, yaliyonyolewa vizuri, halafu kijiji kimoja kirefu kilichojipanga pande zote mbili za barabara, nyumba na migomba, migomba na nyumba, mpaka kwenye mikaratusi. Ukimaliza mikaratusi unaingia porini. Ni kama kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Baridi inakupokea mlangoni. Miti inakutana juu, udongo unakuwa mweusi, maji yanasikika pande zote na huyaoni. Kisha kuna mianzi, na ukungu unaoshuka kutoka mlima Kahuzi ukikaa barabarani mpaka karibu mchana. Tulikuwa tunapanda mpaka kizuizi cha walinzi wa pori, pale juu Tshivanga, tunagusa mti wa kizuizi kwa mkono, tunageuka. Kupanda kulikuwa kunaumiza. Kushuka ndiko kulikuwa kunatutisha.

Zihindula alizipa kona majina. Kulikuwa na Kona ya Askofu, ambayo lazima uiname. Kulikuwa na Kona ya Bugali, ndiyo ugali wetu, kwa sababu ukiipita harufu ya jikoni za kijijini inakufikia na miguu inapata akili mpya. Na ya mwisho kabla ya kijiji, pale mikaratusi inapoishia, ilikuwa Kona ya Mukwe. "Hapa njo kwa mukwe," alituambia, yaani hapa ndipo kwa mkwe. "Hauingie mbio. Unaingia na heshima." Alisema hivyo, kisha yeye mwenyewe aliingia mbio, kwa sababu alikuwa anaijua. Alikuwa anaulenga mti mmoja mnene ulioinama, na ulipofika usawa wa bega lake alikuwa analaza baiskeli kulia bila kugusa breki. Nilijaribu mara moja nikaishia kwenye migomba.

Sasa wangekuja wapanda baiskeli wa Goma na wa Uvira, wasiojua ile njia, na ukungu ungewameza. Papa Bashige, mtu wa kunyoosha mambo, akatafuta chokaa. Parokia ilikuwa imepaka kuta zake kwa ajili ya sikukuu na mapipa mawili yalikuwa yamebaki. Tukafanya kazi hiyo Jumamosi nyingi mfululizo. Tulichora mishale kwenye mawe ya njia panda, na kwenye kila kona tulizungushia miti mkanda mweupe, usawa wa kifua, ili uonekane ndani ya ukungu. Tulivaa jezi zetu za kijani, tulizozipata katika bale moja la nguo kuukuu sokoni. Mbele yetu alitembea Papa Bashige na kofia yake, akipima umbali kwa hatua, akihesabu kwa Kifaransa na kwa sauti kubwa, soixante-dix, soixante-onze, kisha anasimama na kunyoosha mkono: "Hapa! Mutie hapa!" Watu walikuwa wanasimama kwenye milango yao wakituangalia. Tuliwapungia mikono, na wachache walitupungia.

Tulikula kwa Maman Nabintu. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya Kona ya Mukwe, na aliuza chakula kwa madereva wa malori yanayokwenda Bunyakiri. Chumba kilikuwa cha chini, lazima uiname mlangoni. Benchi moja, moshi unaotoka pole pole kwenye nyasi za paa, na kizuizi cha matete kati yetu na jiko. Mara ya kwanza alitupa maharage na bugali, tukalipa. Tangu siku tulipoanza chokaa, akawa anatuongezea. Sambaza wa kukaanga, dagaa wa ziwani wa siku hiyo hiyo, ambao sijui aliwapata vipi kule mlimani. Lengalenga, mchicha wa kwetu, zenye mafuta mekundu ya mawese ya kutosha. Alikataa malipo. Aliwaambia watoto wake waoshe baiskeli zetu. Alipoleta maji ya kunawa alipiga goti kidogo mbele ya Papa Bashige, mwanamke aliyemzidi umri, na Papa Bashige aliona aibu akamwinua. "Maman eko anatupenda sana," alisema. Sisi tulimtania Zihindula kwamba amepata mkwe wa kweli kwenye Kona ya Mukwe, kwamba yule mama ana binti amemficha nyuma ya matete. Naye Zihindula alikula na kucheka, na kumwambia yule mama kwamba hata Kinshasa hatapata sambaza kama wale.

Siku moja nilibaki ndani peke yangu, nikiziba tairi, na wanawake walikuwa wanaongea jikoni. Waliongea taratibu, wakichanganya Kiswahili na Kimashi, lugha ya kwao. Mmoja aliuliza, "Leo bafika wapi?" Mwingine akajibu, "Ku muti wa mwisho, karibu na ndizi yangu." Wa kwanza akauliza tena: "Na kisha?" Halafu sauti ya Maman Nabintu mwenyewe: "Kisha ya alama njo bakubwa banakuya. Ni vile inaendaka." Nilitoka nje nikamwambia Zihindula kwa furaha kwamba hata wamama wa huku wanajua baada ya alama wakubwa wanakuja, wanamngoja mkubwa wetu wa Kinshasa. Nimerudia maneno hayo kichwani miaka yote hii, na bado sijui ningeyasikia vipi vingine. Nilikuwa mtoto wa mji. Mtu wa pale, hata mtoto wa kuchunga mbuzi, angejua. Wazee wao walikuwa wameona watu waliovaa kijani wakija na rangi, wakitembea wakihesabu, wakizungushia miti mikanda. Na baada ya mikanda, mashamba yaliyokuwa upande wa juu yakaitwa pori la hifadhi, na aliyerudi kuvuna viazi vyake akaitwa mwizi. Pale kwenye vilima vile, anayebeba rangi haulizwi anafanya nini. Anapewa chakula kizuri, kwa matumaini kwamba mkanda wake utapita mbali kidogo na nyumba yako. Tulikula hofu yao Jumamosi zote zile na tukaramba vidole.

Siku ya mbio, bwana wa Kinshasa alipanda kwenye jipu la parokia, na suti, na karatasi magotini. Juu ya jipu palikuwa na kipaza sauti. Mimi sikupewa namba. Alisema wasichana hawamo kwenye programu. Nikapanda hata hivyo, mwisho wa kundi, na kabla ya Mudaka, njiani kwenda Miti, nilikuwa nimewapita watatu wa Uvira, jambo ambalo nalitaja kwa sababu hakuna mwingine atakayelitaja. Jipu lilitutangulia kijijini. Yule bwana akaongea kwa kipaza sauti, kwa Kilingala, kuwaambia watu watoe mbuzi na watoto barabarani. Kilingala pale walikijua kwa askari tu. Walimwona mtu wa suti na karatasi, wakasikia amri katika lugha ya amri, na nyuma yake wakaona wale watu wa kijani wa Jumamosi, sasa wakiwa wengi. Tulipita katikati yao. Hakuna aliyeshangilia, na nilifikiri ni baridi.

Juu porini ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia pumzi yangu kama ya mtu mwingine. Mikanda ya chokaa ilikuwa inajitokeza mmoja mmoja, myeupe, vizuri kabisa. Papa Bashige alikuwa na haki ya kujivunia. Nilikuwa bado napanda mianzini nilipomsikia Zihindula anashuka. Cheni yake ilikuwa na mlio wake. Akatokea juu yangu, peke yake, hakuna mtu nyuma yake, uso umejaa matope na meno yote nje. Aliachia mkono mmoja na kunipigia kelele, "Nsimire! Njo hii! Njo hii!" Akapotea. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona mtu huyo juu ya baiskeli, na kama ningepewa kuchagua niishi tena dakika moja ya maisha yangu, siyo harusi, siyo watoto, Mungu anisamehe, ningechagua ile.

Nilifika kizuizini, nikagusa mti, nikageuka. Nilishuka pole pole kama bibi harusi. Kwenye mikaratusi nilianza kuona kitu ambacho sikukielewa: miti ilikuwa haina mikanda. Chokaa ilikuwa imekwanguliwa kwa jembe, pamoja na gome. Nikabana breki. Nilipokata Kona ya Mukwe kwa miguu, nikiburuta baiskeli, nilikuta kijiji chote kimesimama barabarani na majembe mkononi, na barabara ilikuwa imelimwa. Wakati sisi tuko juu, walikuwa wamechimbua machipukizi ya migomba kwenye mashamba yao na kuyapanda, kutoka kwenye kingo mpaka katikati ya barabara, mistari kwa mistari, na udongo ulikuwa bado umelowa. Walifanya kazi kama watu wanaozima moto. Maman Nabintu ndiye aliyenieleza baadaye, akiwa ameshika kichwa: "Tulisema tupande ndizi. Penye kuko ndizi, hakuna mutu anaweza sema ni pori. Tulijua mutashuka na gari. Gari ingeona, ingesimama. Hatukujua kama kuko mutu anaweza shuka mbio vile na kinga."

Zihindula alikuwa ameutafuta mti wake ulioinama na hakuuona mweupe, akauona akiwa amekwisha kuchelewa. Hata hivyo aliilaza baiskeli, nao wanakijiji wote walisema aliilaza vizuri. Gurudumu la mbele liliingia kwenye udongo laini. Nilimkuta amelala chini, kichwa chake kwenye mapaja ya Maman Nabintu, na wanawake wakifunga mguu wake kwa maganda ya migomba na vipande vya mpini wa jembe. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika vibaya. Hakulia. Aliniuliza, "Nani anaongoza?" Jipu lilikuwa bado porini nyuma yetu, kwa hiyo wanaume walitengeneza tipoyi, machela ya mianzi, wakambeba mabegani mpaka Miti, wakikimbia kwa zamu, wale wale waliotupandia migomba, na wengine walikuwa wanalia kwa sauti. Bwana wa Kinshasa alipofika alisubiri kidogo, akaangalia saa, akasema mbio zimefutwa. Aliondoka na ndege iliyofuata ya uwanja wa Kavumu, na hakumchagua mtu.

Ndivyo mbio zilivyokwisha. Mguu uliunga vibaya na ukabaki mfupi. Mwaka uliofuata wakimbizi walivuka Ruzizi kwa maelfu, na nyuma ya wakimbizi ikaja vita, na nyuma ya vita, vita nyingine. Chumba cha Nyawera kilivunjwa na baiskeli zikaenda zilikokwenda. Papa Bashige alikufa katika ile vita ya kwanza, sijui hata kaburi lake. Watu husema ungevumilia, mambo yangekuja kuwa mazuri. Nimevumilia. Niko hapa. Mambo hayajaja.

Kabla mwaka ule haujaisha, Maman Nabintu alikuja Kadutu. Alikuwa ametembea kutoka kwake, kamba kipajini, mkungu wa ndizi mgongoni. Zihindula alikuwa kitandani, kwenye kile chumba cha mbele chenye kalenda ya misheni, nami nilikuwa nimekuja kumletea uji. Aliushusha mkungu mlangoni, akakaa chini sakafuni, akakataa kiti. Walisalimiana, waliulizana habari za watoto. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Mutoto wangu, ile siku ulipoteza nini? Mushindi alikuwa anapewa nini?" Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila kitu tayari: Kinshasa, timu, kitanda, maisha. Zihindula alininyooshea mkono chini ya blanketi akanifinya kwa nguvu. "Mbuzi, maman," alisema. "Mushindi alikuwa anapewa mbuzi."

Yule mama alipumua. "Mbuzi," alisema, kama mtu anayepima mzigo na kuona atauweza. "Nitaileta. Leo sina. Lakini nitaileta."

Alipotoka niligombana na mgonjwa. Nilimwambia ni mwongo, ni mjinga, kwamba watu wale wana haki ya kujua walichokivunja. Nilitaka wajue, nilitaka waumie kidogo. Alinisikiliza mpaka nikachoka. "Nsimire," alisema, "Kinshasa atailipa na nini? Mbuzi, siku moja anaweza pata." Sikumwelewa, na kwa muda mrefu sikutaka kumwelewa. Kila mwaka ambao barabara iliruhusu, yule mama alishuka na mkungu, kutoka kwenye ile migomba ya kingoni ambayo hakuna aliyeing'oa. Kila mwaka alisema, "Mbuzi bado, papa." Naye alijibu, "Sina haraka, maman. Miguu yenyewe iko hivi." Walicheka. Walizeeka wakicheka habari ya mbuzi ambaye hakuwahi kuwepo, na mimi nilikaa kando nimenuna kama mtu asiyealikwa.

Maman Nabintu alifika siku ya tatu ya matanga, mvua ikiwa imekwisha kuanza. Sikumtambua mpaka alipoinama mlangoni ingawa mlango wa Zihindula hauhitaji kuinama. Amekuwa mdogo. Kijiji hakipo tena, aliniambia. Watu wametawanyika, yeye analala kwenye darasa moja la shule huko Kavumu. Mikaratusi imekatwa, na juu yake pori lenyewe linashuka kila siku ndani ya magunia ya makaa. Shamba lake liko na watu asiowajua, na migomba yake wanaikata wao. Miaka yote waliogopa mkanda wa chokaa, na safari hii hakuna aliyekuja na chokaa. Hakuna aliyepima kitu.

Mkononi alikuwa ameshika kamba, ya maganda ya mgomba, iliyosokotwa vizuri, na mwisho wake ulikuwa na kitanzi kitupu.

"Nilikuwa naye," alisema. "Nilimuchunga tangu mudogo. Nilipokimbia nilikimbia naye. Niliposikia papa Zihi amekufa nikasema, hata kama amekufa, ni yake. Nimefika ku barrière ya Mudaka, bale batoto ba bunduki bakasema, maman, hiyo mbuzi inabaki. Nikabaambia ni ya matanga. Bakacheka. Bakaniachia kamba."

Mtoto mkubwa wa Zihindula aliniangalia. Hajui habari yoyote ya mbuzi. Maman Nabintu alikaa chini, palepale kwenye sementi yenye maji, akaiweka kamba mapajani na kuinyoosha kwa vidole. Kisha akanigeukia mimi. "Weye ulikuwaka naye ile siku," alisema. "Ile mbuzi yenye alipoteza. Ilikuwa mukubwa?"

Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo tangu ujana wangu. Zihindula hakuwepo kunifinya. Nilimtazama yule mwanamke, miguu yake iliyovimba kwa safari, na nilijiona nikiwa na umri wake, nimebaki na vitu ambavyo hakuna atakayenilipa, na sikuwa na hasira ya kutosha.

"Mukubwa, maman," nilisema. "Dume. Hatukuonaka ingine kama ile."

Alitikisa kichwa taratibu, ameridhika. "Hata hii," alisema, akinipa kamba niishike. "Hata hii ilikuwa mukubwa."